Vyumba Vinne na Kinyozi Mmoja

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, pale njia ya vumbi inapoingia barabara ya lami, na mgongo wake ni ukuta wa duka la kinyozi. Mbele yake huketi Mama Birika kwenye kigoda, jiko la mkaa likiwa karibu na magoti, vikombe vidogo vimefunikwa kitambaa, ndoo ya kuvioshea iko kushoto. Mvunguni mwa benchi hukaa dumu la njano la maji, kwa kuwa kahawa yake ni kali na kila amalizaye kikombe hushushia na funda moja la maji. Siku nyingine wakati kama huu angekuwa ameshamimina birika la pili. Leo birika limechemka, limelia, limenyamaza, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tangu juzi maneno yamezagaa kwamba kahawa ya kijiweni inaangusha watu. Wanatapika, wanaharisha, na kinyozi mwenyewe, ambaye mlango wake una kufuli, amelazwa hospitali na chupa ya maji inaning'inia juu yake. Bwana afya ametuma neno kwamba atapita kabla ya adhuhuri. Akisema funga, Mama Birika atafunga, na nyumbani kwake hakuna chungu kinachoinjikwa ila kwa birika hili.

— Mimi leo sinywi, alisema Spana, fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, akikaa mwisho wa benchi na mikono yake ya grisi magotini. — Na nimekuja kukaa hapa makusudi, nione ni nani atakayekunywa.

— Hujalazimishwa, alisema Mama Birika.

— Mdogo wangu amelala tangu juzi. Kijana wa kubeba injini kifuani, leo hata kijiko cha uji kinamshinda. Alikunywa wapi? Hapa hapa.

— Kahawa yangu inachemka mpaka inalia, Spana. Hakuna mdudu anayetoka hai ndani ya birika hilo.

— Hao wadudu wamekuandikia barua kwamba wamekufa?

Hakimu alicheka peke yake. Yeye ni fundi viatu, kibanda chake kiko ubavuni mwa kinyozi, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna ugomvi asioutolea hukumu, hakuna hukumu anayoitoa bila methali, na hakuna methali anayoiweka mahali pake.

— Tulieni, alisema, sindano ya kushonea viatu ikiwa mdomoni. — Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Maana yake, mtu akinywa kahawa upesi upesi, tumbo linakosa baraka. Kosa ni la wanywaji.

— Mdogo wangu hanywi upesi.

— Basi alikunywa polepole. Mwenda pole hajikwai. Na kweli hakujikwaa, ameanguka. Hayo ni mambo mawili tofauti.

— Hakimu, nitakupiga na kiatu chako mwenyewe.

Mama Birika hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye lami, upande ambao pikipiki ya bwana afya ingetokea. Tangu alfajiri alikuwa amelisugua birika kwa majivu, ndani na nje, mpaka vidole vikachubuka. Vikombe alivikosha mara mbili. Hata kigoda alikipangusa, kana kwamba kuna mtu anayekunywa kigoda.

— Mimi nasema ni mkaa, Spana aliendelea. — Siku hizi wanachoma nguzo za umeme zilizooza, wanatuuzia eti mkaa. Zile nguzo zimepakwa lami. Moshi wake unaingia kwenye birika kupitia mdomo.

— Mkaa ni ule ule, umekuwa adimu tu, Mama Birika alijibu. — Siku hizi hapa nautumia kwa kahawa peke yake, na bado haumalizi wiki.

— Si mkaa, alisema Hakimu. — Ni haya matairi tuliyoyakalia. Lori lake lilikuwa linabeba dawa za mashamba. Jua likipiga, sumu inapanda kutoka chini. Mtu anadhani anaumwa tumbo, kumbe anaumwa tairi.

— Mbona wewe huumwi?

— Mimi nakalia kipande cha ngozi. Fundi viatu, bwana. Akiba haiozi.

— Basi hata shingo ya birika ina neno, alisema Spana, sauti ikipanda. — Imepinda kushoto. Kahawa inatoka inazunguka kushoto, utumbo wa mtu unazunguka kulia. Unategemea nini?

— Unasema kwa mzaha au kwa kweli? Mama Birika alimwuliza.

Spana alimtazama moja kwa moja.

— Mdogo wangu anatapika nyongo, mama. Mzaha nimeuacha gereji.

Hapo akatokea Eksi, akitembea upesi kutoka upande wa maduka, kiganja cha kushoto amekikunjua mbele yake kama mtu aliyebeba yai. Eksi alisomea hisabati chuo kikuu na sasa anasubiri kazi. Ukimwuliza kesho yake itakuwaje, hujibu kwamba hiyo bado ni eksi, namba isiyojulikana, na jina likamganda. Jana Mama Birika alimwomba kitu kimoja tu: wewe uliyesoma, nitafutie ukweli kabla huyo mtu hajaja. Eksi alizunguka mlango kwa mlango kwa waliokaa kijiweni wiki hii, na maswali mawili. Wiki hii ulikunywa kahawa kijiweni? Je, unaumwa?

— Umepata? Mama Birika aliuliza.

— Nimepata namba nne. Nipe kaa lililozima.

Alichuchumaa kwenye baraza ya saruji ya kinyozi, akachora mraba, akaukata msalaba katikati.

— Hii ni nyumba ya vyumba vinne. Wapangaji wa juu ni waliokunywa kahawa. Wa chini ni waliopita hapa, wakakaa, wakapiga soga, lakini kahawa hawakunywa. Kushoto ni wagonjwa, kulia ni wazima.

— Na mwenye nyumba nani? aliuliza Hakimu.

— Nyamaza kwanza, mzee.

Akatazama kiganja, akaandika. Juu: sita kushoto, tisa kulia. Chini: tatu kushoto, sita kulia.

— Sasa zidisha kona kwa kona. Sita ya juu kushoto mara sita ya chini kulia, thelathini na sita. Tisa ya juu kulia mara tatu ya chini kushoto, ishirini na saba. Kama kahawa na ugonjwa havijuani, majibu haya mawili yanalingana.

— Yalingane kwa nini? Spana alisogea. — Nani kayaamuru?

— Njoo nikuonyeshe kwa mlima. Kila mzima ni hatua moja mbele. Kila mgonjwa ni hatua moja juu. Wanywaji wanakwenda tisa mbele, wanapanda sita. Eksi alivuta mstari mmoja kwa kaa. — Wasiokunywa wanakwenda sita mbele, wanapanda tatu. Akavuta wa pili kutoka pale pale ulipoanzia wa kwanza. — Kama kahawa haina mkono ndani yake, milima hii ina mwinuko mmoja. Mmoja unaweza kuwa mrefu na mwingine mfupi, lakini yote miwili imelalia mstari ule ule. Kuzidisha kona ni njia ya mkato tu ya kuuliza: miinuko inafanana?

Spana aliinama juu ya saruji. Amezoea kupima kwa jicho mlango wa gari uliopinda, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

— Haifanani. Wa wanywaji ni mkali zaidi.

— Kwa sasa, ndiyo.

— Basi kahawa ina hatia! Alisimama, akamnyooshea Mama Birika kidole. — Mtu wako mwenyewe amesema, si mimi!

Mama Birika alimtazama Eksi jinsi unavyomtazama mtoto uliyemtuma chumvi akarudi na mafuta ya taa.

— Hiki ndicho nilichokutuma?

— Ulinituma ukweli, mama. Hukunituma utetezi.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Hakimu kwa huzuni. — Tufue nguo, jamani.

— Sijamaliza, Eksi akanyoosha mkono. — Hapa kuna watu ishirini na wanne. Kuna mmoja sijamweka, kwa sababu nilikuta kufuli mlangoni mwake.

Wote wakageuka kuutazama mlango wa kinyozi. Kinyozi wanamwita Wembe, na hakuna aliyekaa sana kwenye benchi lile kuliko yeye. Akikosa wateja, alikuwa anakaa. Akiwa nao, alikuwa anatoka katikati ya kichwa cha mtu, nusu kimenyolewa nusu bado, aje kumalizia hoja.

— Wembe anaumwa, hilo halina ubishi, alisema Eksi. — Atakaa kushoto. Swali ni orofa. Nikimweka juu kwa wanywaji, sita inakuwa saba. Saba mara sita, arobaini na mbili, kwa ishirini na saba. Mlima unazidi kuwa mkali. Nikimweka chini, tatu inakuwa nne. Tisa mara nne ni thelathini na sita. Na upande ule ni thelathini na sita.

— Sawasawa?

— Sawasawa kabisa. Milima inalaliana.

— Mtu mmoja! Spana alipiga paja. — Hesabu gani hiyo inayoyumba kama meza ya mguu mfupi? Kinyozi mmoja akihama chumba, mama wa watu ana hatia. Akirudi, hana!

— Watu wakiwa wachache hesabu inayumba, sikatai. Ningekuwa na mtaa mzima, mtu mmoja asingetikisa kitu. Lakini bwana afya anakuja sasa hivi, na nilicho nacho ni hiki. Uso wa Eksi uling'aa kwa jasho, na wakajua kwamba sasa hesabu imempanda kichwani. — Hebu fikiria bati, Spana. Nyumba zote za vyumba vinne ambazo kona zake zinalingana, uzitie mahali pamoja. Zinafanya bati moja, limepinda, halina tundu hata moja. Isiyo na uhusiano inakaa juu ya bati. Yenye uhusiano imeliacha bati, iko hewani au chini yake. Kazi ni kupima imeliacha kwa kiasi gani.

— Limepinda vipi? Kama boneti?

— Kama tandiko la punda. Huku linainuka, huku linashuka.

Spana, hata katika hasira zake, aliuinua mkono na kuupitisha hewani, akilipapasa bati lile lisilokuwepo. Kisha akakumbuka mdogo wake, akauteremsha.

— Mama, nipe maji, koo limekauka, alisema Eksi.

Mama Birika aliinama bila kutazama, akavuta dumu, akajaza maji kikombe cha kahawa, akampa. Eksi alikunywa nusu, akakiweka chini kando ya mraba wake.

— Wembe alikunywa, alisema Spana taratibu. — Nimemwona kwa macho yangu kutoka gereji. Jioni, amevua koti la kazi, amekaa hapo hapo, kikombe mkononi. Na si jioni moja.

— Wembe hanywi kahawa! Mama Birika alisimama, kigoda kikaanguka. — Ninayemimina ni mimi. Kahawa inamtetemesha mikono. Mtu anayeshika shingo za watu na wembe, atakunywa kahawa yangu?

— Nimeona kikombe.

— Uliona kwa mbali.

— Kikombe ni kikombe hata kwa mbali! Wewe ulitaka mama asemeje leo, Hakimu? Aseme Wembe alikunywa, ajifungie biashara?

— Mficha uchi hazai, alisema Hakimu. — Lakini huyu ana watoto wawili, basi hafichi.

— Nitamwambia bwana afya nilichoona, alisema Spana. — Kikombe, mkono, jioni. Atachagua mwenyewe aniamini mimi au aamini mkaa kwenye saruji.

— Mwambie.

— Nitamwambia. Na mdogo wangu akifa, nitarudi hapa, wala sitakuja na mdomo.

Hakimu alitoa sindano mdomoni akaichomeka kwenye kiatu. Mama Birika alikiinua kigoda, akakaa, akachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa. Alianza kupiga mahesabu ya mama yeyote: kufua nguo za watu, hakuna maji, kuuza mboga, kila baraza ina muuza mboga, kumwandikia dada yake, dada yake naye ana mzigo wake. Kila mlango alioufungua kichwani ulikuwa na ukuta nyuma yake. Basi akabaki akiutazama mraba wa Eksi, chumba kile cha chini kushoto, chenye tatu. Hajawahi kumwombea mtu kitu kama alivyoiombea tatu ile iwe nne.

Hatua zikasikika kwenye njia ya vumbi. Alikuwa mke wa Wembe, viatu mkononi, funguo shingoni kwa uzi, macho mekundu ya mtu aliyelala kwenye kiti.

Spana alikuwa wa kwanza kusimama.

— Shemeji. Habari za hospitali?

— Anapumua. Asubuhi amenitambua, ameniita jina langu. Aliipita mistari ya kaa bila kuikanyaga, akafungua kufuli. — Nimekuja kuchukua taulo na kandambili, narudi.

— Pole sana, mwenzangu, alisema Mama Birika, na sauti yake mwenyewe ilimkera, kwa sababu pole ile ilikuwa na haraka ndani yake.

Eksi hakusubiri.

— Shemeji, nisamehe, neno moja tu. Mumeo anakunywa kahawa?

— Kahawa? Alitoa kichwa mlangoni. — Hata harufu yake kwangu haiingii. Alishawahi kunywa siku za uchumba, akamkata mteja sikio. Toka siku hiyo aliapa.

Eksi alifuta tatu kwa kidole gumba. Akaandika nne. Akaushika ule mlima wa pili, akauinua mpaka hatua ya nne, na mstari wake ukalala juu ya mwenzake kama uzi juu ya uzi.

— Thelathini na sita, alisema. — Na thelathini na sita. Kwa kila wazima watatu, wagonjwa wawili, unywe usinywe. Kahawa haina habari na ugonjwa huu!

— Lisemwalo lipo! Hakimu alipiga makofi. — Na kama halipo, basi halipo!

Spana alikaa polepole. Aliutazama mraba, akamtazama mke wa Wembe, akajipangusa uso na mkono wa grisi akajiachia alama.

— Nimekukosea, mama, alisema mwishowe. — Nilikuwa natafuta wa kumshika. Nimiminie kimoja, watu waone nimekunywa.

Mama Birika alikifunua kitambaa. Alimimina kwa haraka, tone likaangukia kaa, likafuka. Spana alikunywa. Akakirudisha kikombe, na kama desturi ilivyo akanyoosha mkono mvunguni bila kuangalia, kulitafuta dumu, ashushie.

Mke wa Wembe alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani, akiutazama mraba kwa mara ya kwanza.

— Hawa wa chini ndio wenzake mume wangu? Wasiokunywa kahawa?

— Ndiyo, shemeji, alisema Eksi.

— Nao wanaumwa sawa na wanywaji.

— Sawasawa. Ndio uzuri wake.

— Mimi sijui uzuri wake. Daktari ameniuliza kitu nikakosa jibu, labda nyinyi mliokuwa mnakaa naye mnajua. Jioni nikimpitia tuondoke wote, nilikuwa namkuta hapa na kikombe mkononi. Alimgeukia kila mmoja, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. — Kama si kahawa, alikuwa anakunywa nini?

Mkono wa Spana ulikuwa umeshafika kwenye mpini wa dumu. Ukabaki hapo. Eksi alikitazama kikombe chake kando ya mraba, kile alichokinywa nusu. Hakimu alifungua mdomo. Methali zote alizokuwa nazo duniani zilikuwa zimeondoka.

Mama Birika alijua kabla swali halijaisha. Tangu bomba likauke alikuwa anateka kisimani, na tangu mkaa uwe adimu maji ya watoto nyumbani aliyachemsha, ya kahawa yakajichemsha yenyewe, haya ya dumu akayaacha bila kuyachemsha. Alijiambia ni funda moja tu la kushushia. Na mnywaji alishushia funda lake, na asiyekunywa kahawa alipewa kikombe kizima cha maji, kwa heshima. Kona zilikuwa zimelingana kwa haki. Nyumba ya Eksi ilisema kweli tupu, ila hakuna aliyewahi kuyachorea maji chumba.

Kwa mbali, kwenye lami, pikipiki ilipunguza mwendo.

Mama Birika aliinama, akautoa mkono wa Spana taratibu, akalivuta dumu. Lilikuwa limebaki nusu. Vumbi la pale halikatai maji. Kabla pikipiki haijakata kona lingekuwa limeyameza yote, na nani angesema nini? Kidole gumba kilikuwa juu ya kifuniko. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemwambia mwaga, na hakuna aliyemwambia usimwage.

Akakikaza kifuniko. Akalinyanyua dumu kwa mikono miwili, akalisimamisha katikati ya benchi, mahali pa mtu kukaa. Akachukua kikombe cha Eksi, na maji yake nusu, akakiweka kando yake.

Pikipiki ikazimwa.

— Kaa hapa, mwenzangu, alimwambia mke wa Wembe, akimpisha kigoda. — Akishuka, mwulize tena hilo swali, nimjibu mimi.